Tindo Haina Namba

Mkweche wangu kwenda unaenda. Kusimama ndiko unakofikiria kwanza. Basi Jumamosi nikatangaza nabadilisha viatu vya breki za nyuma mwenyewe, kazi ya saa mbili. Mama watoto akacheka. Mimi nikadhani ananifurahia.

Tairi zilitoka bila ugomvi. Dramu, yale makopo ya chuma yanayofunika viatu vya breki, ndizo zilizogoma. Kwenye magari ya wenzangu unagongagonga dramu, inachomoka. Kwenye lori langu imefungwa nyuma ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo sharti kwanza uchomoe shafti, oili ya difu ikumwagikie suruali, halafu ndiyo ukutane na nati inayoshikilia habu. Ina pembe nane. Nilipima kwa rula ya mwanangu nikapata milimita 54 (rula sijairudisha, imelowa oili). Spana zangu zinaishia namba 32.

Nikaenda kwa muuza spea kuulizia soketi. "Ya pembe nane sina, ya pembe sita ipo."

"Lakini nati ina nane, kaka."

"Jaribu tu, hizo mbili zitajipanga."

Wa pili akasema, "Tulikuwa nayo." Hawa wa tulikuwa-nayo ndio wanaoniumiza roho, maana unatoka na huzuni ya mfiwa. Wa tatu, fundi kabisa, mikono yote grisi, akanishangaa: "Kwani huna tindo?"

Ndiyo dawa yao. Uliza soketi, tindo. Uliza koleo ya springi, tindo. Ukiomba maji ya kunywa, sijui. Nilipoifuta ile nati vizuri nikaona chale za kila fundi aliyenitangulia, na pembe mbili zimeshakuwa duara. Kumbe yule wa pembe sita alijua anachosema!

Soketi niliipata kwa mzee jirani, dereva mstaafu. Ilikuwa sakafuni inazuia mlango wake usijibamize. Nati ikaachia kwa mkono mmoja. Nilikaribia kulia.

Kwa furaha ile nikafungua pande zote mbili kwa mpigo. Usifanye hivyo. Fungua mmoja, mwingine uache uwe ndio picha yako, kwa sababu zile ajasta za nyota za kushoto na kulia zinafanana kama mapacha, kumbe meno yake yanazunguka kinyume. Ukizibadilisha, badala ya kukaza breki zinalegeza. Sasa ninazo mbili kiganjani na sijui ipi ya wapi. Springi moja niliivuta kwa plaizi ya kawaida, ikanipitia sikioni ikapanda juu ya bati. Tumeisikia ikitua. Hatujaiona.

Nati zote nne, mbili kila upande, bado zimezama kwenye mafuta ya taa, ndani ya beseni la mama watoto, ambalo ni kesi nyingine. Na sasa hivi mzee yuko getini. Mlango wake umebamiza usiku kucha, anataka soketi yake.