Madaktari ni wachache, tuwatoe wodini wakatafiti zebaki?

Wapo wanaosema tusiwatoe madaktari wodini kwenda kusomea utafiti wa mazingira na afya ya watoto. Nianze na kisa. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu akamkuta mwingine wa namna hiyo hospitali ya Jinja. Mwingine angeandika kwenye faili na kuendelea na foleni. Yeye mwaka 1961 alipakia mizigo garini na wenzake wawili wakazunguka zaidi ya kilomita 16,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: watoto wa hivi mnao? Walichokuta ni kwamba uvimbe ule, ambao ni saratani, ulipenda maeneo ya joto na mvua, na ulikwepa nyanda za juu zenye baridi. Jibu la kisayansi, yaani kirusi kinachoshirikiana na malaria, lilikuja baadaye na kwa watu wengine, lakini aliyeuliza swali alikuwa daktari aliyetoka wodini.

Kwa hiyo wanaosema utafiti wa mazingira na afya ya watoto ni mtindo mpya wa wafadhili, hapo nawapinga. Lakini hoja yao nyingine, kwamba madaktari ni wachache, si ya kupuuzwa. Daktari wa Uganda husoma miaka mitano chuoni, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha mitatu ya uzamili akitaka kuwa bingwa wa watoto au wa uzazi. Hiyo ni tisa. Ukimwambia sasa aongeze minne ya uzamivu ili ajifunze takwimu, sumu na namna ya kuwafuatilia wajawazito mpaka watoto wao waanze shule, unamchukua mtu akiwa ndiyo kwanza amekomaa. Na wale wa uzamili ndio wanaobeba kazi ya usiku katika hospitali za rufaa. Mwaka 2021 walipogoma pamoja na wenzao wa mafunzo kazini, kila mwenye mgonjwa aliliona pengo. Mtoto aliyezaliwa amechoka, asiyepumua vizuri, anamhitaji mtu mwenye mikono, na anamhitaji sasa hivi.

Hoja hiyo ningeikubali yote kama uhaba wetu ungekuwa wa watu. Sivyo. Tuna madaktari waliohitimu wanaokaa nyumbani au wanaozunguka kliniki za watu binafsi kwa vibarua, huku hospitali za wilaya zikiwa na nafasi zisizojazwa kwa sababu fungu la mishahara halitoshi. Kumpeleka mmoja kusoma hakuondoi daktari wodini ikiwa aliye nje ana hamu ya kuingia na Hazina ikamlipa. Ugomvi huu, kwa hiyo, ni wa bajeti, na hapo utafiti na wodi wanalilia mfuko mmoja.

Kuna pia wanaouliza kwa nini daktari hasa. Makerere ina kundi la AirQo, wataalamu wa kompyuta waliotengeneza vipimo vya bei nafuu vya hewa na kuvifunga kwenye majengo na hata kwenye boda boda. Hewa chafu ya Kampala tunaijua leo kwa sababu yao, na hawakuhitaji stetoskopu. Kweli kabisa. Ila kipimo cha hewa hakimjui mama aliyejifungua mtoto wa kilo mbili, wala hakijui kwamba anapikia kuni ndani ya chumba kimoja na wala haishi karibu na barabara kubwa. Lazima awepo mtu anayezijua pande zote mbili.

Tazama habari ya risasi, si ya bunduki bali madini yenye sumu (lead). Uganda iliacha petroli yenye risasi katikati ya miaka ya 2000, na wengi tukadhani imekwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwapima watoto wa shule wa Kampala wenye umri wa miaka minne hadi minane, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita ya damu, kiwango cha hatari. Watoto wale sasa wamevuka miaka 20. Risasi hujificha kwenye mifupa, na mwanamke akishika mimba au akinyonyesha, mifupa inapotoa kalisi kwa ajili ya mtoto hutoa na risasi. Mtoto wa Kampala wa wakati ule huenda leo yuko kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Swali kama hilo haliwezi kushughulikiwa na mradi wa miaka mitatu, maana mradi utakwisha na swali litakuwa bado linamsubiri mtoto wa pili.

Na miradi yenyewe ni ya nani? Mafunzo mengi ya watafiti wetu yamelipiwa na Marekani, nchi ambayo tangu 1998 ina vitengo maalumu vya madaktari wa watoto na mazingira. Tumefaidika, sikatai. Lakini Mei 2025 taasisi yao kuu ya utafiti wa afya ilipotangaza kusimamisha utaratibu wa kupitisha fedha kwa washirika wa nje, tulikumbushwa nani ameshika kamba. Kijana aliyefika katikati ya uzamivu hawezi kurudi mwaka wa kwanza.

Mimi naona wachache wafundishwe, hata wawili kwa mwaka, lakini si kwa njia ya kuwahamishia Kampala au ng'ambo mpaka wasahau wodi. Wawe na mshahara wa serikali, siku mbili za wiki kliniki, tatu utafiti, na wafanyie kazi wilaya zenye tatizo. Bila maabara ya kupima sampuli hapa nchini, nakiri, tutakuwa tumefundisha watu wa kufunga vifurushi vya damu na kuvipeleka uwanja wa ndege.

Wilaya ya kuanzia naijua, kwa kuwa ni hii yetu ya Busia, mashariki mwa Uganda. Machimboni wanawake huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, metali ya majimaji yenye sumu inayonasa dhahabu, kwa mikono mitupu, wengine wajawazito, kisha donge linachomwa juu ya mkaa na mvuke unapanda, watoto wako hapo hapo. Daktari mwenye nia njema asiyefundishwa anaweza kuja, akakata nywele za akina mama, akapima, akakuta zebaki kidogo, akatangaza wako salama. Nywele huonyesha zaidi zebaki inayoliwa kwenye samaki. Ile ya mvuke hutafutwa kwenye mkojo.