Alama ya kutoa inayokaririwa tu

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, na likizo hii amerudi nyumbani Ngamiani na daftari lake la umeme na sumaku. Nikafungua ukurasa wenye kanuni ya Faraday, ile inayoeleza jinsi sumaku inavyozaa umeme, nikamuuliza ile alama ya kutoa iliyo mbele inafanya kazi gani.

"Mjomba, hiyo tumeambiwa tusiisahau. Maksi zinakatwa."

Basi?

"Basi."

Iliniuma. Kijana huyu kalkulasi haimsumbui, kurasa nzima amezijaza kwa mwandiko safi, lakini kiini cha sura hiyo kimempita.

Tanga hatukosi baiskeli. Tukaitoa ya zamani yenye dainamo, tukaipindua magurudumu juu. Kwanza tulichomoa waya wa taa, nikazungusha pedeli kwa nguvu nikaachia, yeye akahesabu mpaka gurudumu liliposimama. Kisha tukarudisha waya, nikazungusha vilevile. Taa ikawaka, na gurudumu likasimama mapema. Mara zote mbili dainamo ilikuwa imegusa tairi, kwa hiyo msuguano haukubadilika. Kilichoongezeka ni mkondo wa umeme.

Ndani ya dainamo mna sumaku inayozunguka karibu na koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Sumaku ikitulia, hata iwe kali namna gani, koili haitoi kitu. Faraday aliliona hilo London mwaka 1831. Uga wa sumaku ukibadilika ndipo msukumo wa umeme unapozaliwa. Sakiti ikifungwa mkondo unapita, nao unatengeneza uga wake unaoyapinga mabadiliko yaleyale yaliyouzaa, kama mtoto anayembishia mzazi. Mwanafizikia Heinrich Lenz aliyaeleza haya mwaka 1834. Alama ya kutoa ni ubishi huo, umeandikwa kihesabu.

Sasa uondoe ubishi huo. Ungeigusa sumaku kidogo tu, mkondo ungeisukuma zaidi, nayo ingezidi kukimbia na kutoa umeme bila mtu kutoa jasho. Tungekuwa na umeme wa bure milele, na mtambo wa umeme wa maji wa Hale, megawati 21, usingehitaji tone la maji ya Mto Pangani. Lakini unayahitaji. Jioni watu wakiwasha taa na pasi, mkondo unaongezeka, jenereta inakuwa nzito kuizungusha, na maji lazima yaongezwe ili mwendo usishuke chini ya hetsi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Yote hayo yamo katika kile kistari kifupi.

Hesabu siipingi. Sheria ya Coulomb, ya nguvu kati ya chaji mbili, inafundishika vizuri ubaoni, na bila kalkulasi hakuna anayefika kwenye milinganyo ya Maxwell inayounganisha umeme na sumaku. Ila katika sura hii nasema wazi: dainamo itangulie, ubao ufuate. Haigharimu maabara. Wahadhiri wetu wangewapa vijana nusu saa na baiskeli moja kabla ya kuandika kanuni, na nina hakika wengi wasingehitaji kukumbushwa alama hiyo tena.

Usiku ule mpwa wangu alinirudia na swali lake mwenyewe: kwa nini mota ya mashine ya kusaga ikikwama huungua? Nikamwambia aliangalie upya lile gurudumu. Alikaa kimya kidogo. "Haizunguki," akasema, "kwa hiyo haizai umeme wa kuubishia ule unaoingia, nao unapita mwingi mno."

Akalifungua tena daftari.