Tusizionee tarehe

Siku hizi ukitaka kumshusha mtu kwa neno moja unamwambia "umekariri". Neno lililokuwa na maana ya kurudia jambo mpaka likae moyoni limegeuka tusi, na limeumiza zaidi somo la historia. Vitabu vingi vya utangulizi wa historia ya dunia vinafungua kwa ahadi ileile: humu hatukariri, tunafikiri. Zinafuata mada kuu, yaani biashara, uhamaji, dini, dola na mazingira. Kisha stadi: kuhoji chanzo, kulinganisha, kutafuta sababu na matokeo, kutenganisha kilichobadilika na kilichodumu. Tarehe zinaachwa kwenye jedwali la kurasa za mwisho, kama viatu mlangoni.

Wanaotetea mtindo huu wana hoja nzito. Dunia ni pana mno, na hakuna kichwa kitakachobeba yote yaliyoandikwa kwa miaka 5,000. Mwanafunzi mwenye tarehe bila maswali ameshika shanga zisizo na uzi. Tena orodha ya tarehe haikudondoka kutoka mbinguni, kuna aliyeichagua. "Enzi za Kati" ni jina walilobuni Wazungu kwa kipindi kilichokaa kati ya Roma ya kale na wao wenyewe. Ukilibandika kwa dola ya Mali au China ya nasaba ya Song, linaning'inia tu. Hata namba ni ya kalenda fulani: mwaka tunaouita 1324, kwa mwandishi wa Kairo, aliyefuata kalenda ya Kiislamu, ulikuwa 724. Yote hayo nayakubali.

Ninachokataa ni dhana kwamba kukariri na kufikiri ni mahasimu. Chukua maelezo haya yanayorudiwa kila mahali: Waturuki wa Osmani waliteka Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1453, njia ya bidhaa za mashariki ikabanwa, ndipo Wareno wakalazimika kuingia baharini kutafuta njia nyingine. Ni maelezo matamu. Yana mada, yana sababu, yana matokeo, na kwa vipimo vya stadi peke yake yanapata alama zote.

Sasa weka tarehe pembeni yake. Wareno waliiteka Ceuta, kaskazini mwa Afrika, mwaka 1415. Baharia wao Gil Eanes aliipita Rasi Bojador, pwani ya magharibi ya Afrika, mwaka 1434. Kufikia 1444 mabaharia wao walikuwa wameshafika Cap-Vert, Senegal ya leo. Konstantinopoli bado ilikuwa na miaka tisa ya kuishi. Matokeo hayatangulii sababu yake! Unaweza kuokoa kipande cha hoja, useme 1453 iliongeza haraka kwa safari zilizokwisha kuanza, lakini hiyo tayari ni hoja nyingine, ndogo zaidi.

"Si unatafuta kwenye simu?" Utatafuta kama umeshuku. Na asiye na 1415 kichwani anaisoma ile sentensi ya 1453 ikamteremka kama maji, bila kukwama popote. Hana sababu ya kufunua jedwali la mwisho.

Mfano wa pili ndio ninaoupenda, na kila nikiurudia naona kitu kipya. Mansa Musa wa Mali alipita Kairo mwaka 1324 akienda kuhiji, akagawa na kutumia dhahabu nyingi. Mitandaoni husemwa kwamba aliuangusha uchumi wa Misri. Chanzo ni al-Umari, mwandishi aliyetumikia dola ya Wamamluki, watawala wa Misri wakati huo. Anasema kabla ya ugeni ule mithqali moja ya dhahabu, yaani kipimo cha uzito, haikuwa ikishuka chini ya dirhamu 25. Baada yake haikuzidi 22, na hali hiyo ilikuwa imedumu kama miaka 12 mpaka wakati anaandika.

Kutoka 25 hadi 22 ni dirhamu tatu, asilimia 12. Si haba kwa aliyeweka akiba yake kwa dhahabu. Lakini uchumi kuanguka? Al-Umari hapo hazungumzii bei ya mkate wala kodi ya nyumba. Anazungumzia dhahabu ikipimwa kwa dirhamu, sarafu za madini ya fedha. Mizani hiyo ina pande mbili: dhahabu ikishuka inainama, na fedha ikipanda inainama vilevile. Wapo wanahistoria wa sarafu wanaoona kwamba kupanda na kushuka kwa kiasi hicho hakukuwa jambo geni katika soko la Kairo.

Halafu ile miaka 12. Ukiijumlisha na 1324 unapata 1336 hivi, na hapo ndipo unapojua umesimama wapi na shahidi wako. Al-Umari alikuwa akikusanya maneno ya watu wa Kairo walioukumbuka ugeni ule. Miaka 12 inatosha hadithi kunenepa sokoni, lakini ni michache mno kwa mfanyabiashara kusahau bei. Kwa hiyo ningemwamini zaidi kwenye dirhamu kuliko kwenye sababu. Dhahabu ya Afrika Magharibi ilikuwa ikivuka Sahara kwa misafara karne nyingi kabla ya Musa, na aliye na hilo akilini atauliza kama ziara moja inaweza kubebeshwa bei ya miaka 12.

Utaniambia hizo ni stadi, si tarehe. Sawa, lakini kila swali hapo juu liliota juu ya namba. Mtu aliyefundishwa "hoji chanzo chako" bila namba atauliza kama al-Umari alikuwa na upendeleo, ajibu "huenda", na aendelee mbele.

Nashuku hasira dhidi ya kukariri ni hasira dhidi ya mtihani, ule unaosema "taja mwaka", ukatoa alama moja na kunyamaza. Hasira hiyo ni ya haki. Ila kosa ni la mtungaji wa swali, na tumeadhibu tarehe.

Mimi ningeanza na tarehe kama thelathini tu, zilizotawanywa mabara yote, zikaririwe kweli katika majuma ya kwanza, kabla ya mada yoyote. Katika hizo ningeweka mbili ambazo ni nadra kuziona zimekaa pamoja. Msafara wa mwisho wa meli za Zheng He, amiri wa China, katika mfululizo ulioanza kwa ule wa 1405, ulirudi China mwaka 1433. Mwaka uliofuata Eanes akaipita Bojador. Dola yenye meli kubwa ilikuwa inafunga safari zake wakati nchi ndogo ya magharibi inazifungua, na swali la kwa nini iwe hivyo linamjia aliyeziona namba hizo mbili zikifuatana.