Kasha dogo la kompyuta lianzie kwenye pawa saplai

Wanaojiundia kompyuta ndogo za nyumbani wana ugonjwa wa lita, yaani ujazo wa kasha. Kasha la lita 10 linasifiwa kuliko la 20, na akitokea mwenye la lita 7, wote wanamvulia kofia. Mimi naishi Dar es Salaam, chumba hakina kiyoyozi, na kwangu lita ni jambo la tatu. La kwanza ni pawa saplai, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa kompyuta; la pili ni hewa.

Makasha madogo yenye jina, kama Cooler Master NR200 ya lita 18.25 au Fractal Design Terra ya lita 10.4, yanapokea pawa saplai ya aina ya SFX. Kifaa chenyewe hakina ubaya: upana milimita 125, kimo 63.5, kina 100, wakati ATX, ile kubwa ya kawaida, ina upana wa 150, kimo 86 na kina cha 140 au zaidi. Tatizo lipo dukani. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuungua, na siku hiyo ndiyo una kazi ya kukabidhi kesho yake. Nenda Kariakoo uulizie ATX, utapangiwa mezani mpya na zilizotumika, uchague mwenyewe. Ulizia SFX uone. Muuzaji atakuangalia, ataingia ndani, atatoka na ATX ileile akipangusa vumbi juu yake: "Hii hapa bosi, inaingia." Haiingii. Utaagiza nje na kusubiri.

Ndiyo maana nalitetea kasha ambalo vijana wanaliona la kizee: Fractal Design Node 304. Lilitoka 2012. Lina upana wa milimita 250, kimo 210, kina 374, yaani lita 19.6 hivi, kwa hiyo kwa wenye ugonjwa wa lita ni jumba. Lakini linameza ATX ya kawaida, mradi isiwe ndefu kupita milimita 160, na kipozeo cha prosesa (chipu kuu ya kompyuta) chenye kimo cha mpaka milimita 165. Diski ngumu kubwa zinakaa sita. Ukitaka kadi ndefu ya grafiki, unang'oa baadhi ya vishikio vya diski na nafasi inapatikana. Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa, ni ya kipimo cha Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001 na hadi leo hakijabadilika. Prosesa ikizeeka, unabadili mazabodi, kasha linabaki.

Sasa hewa. Majaribio mengi tunayoyasoma yamefanyika kwenye vyumba vya Ulaya au Marekani, nyuzi 20 na kidogo. Feni haipoozi kitu chini ya joto la chumba. Inachofanya ni kuhamisha joto tu. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba prosesa yake ilifika nyuzi 80 chumba kikiwa na 21, wewe mwenye chumba cha 31 mwezi wa pili jihesabie karibu 90. Prosesa kama Ryzen 5 5600G kikomo chake ni 95. Umebakiwa na nini hapo? Ndani ya kasha finyu lenye kipozeo cha kimo cha milimita 37, kompyuta itaanza kujipunguzia kasi mchana, na usiku feni itakupigia kelele kama nzi aliyenaswa kwenye pazia.

Na vumbi halisemwi vya kutosha. Huku vumbi likikutana na unyevu wa pwani halibaki unga, linakuwa kama utando wa manyoya ya kijivu unaoganda kwenye matundu ya wavu. Ukilipuliza halitoki, mpaka brashi. Kwa hiyo dukani usiangalie kioo wala taa. Vuta kichujio cha hewa kwa kidole kimoja. Kikitoka bila bisibisi, utakiosha. Kikihitaji skrubu nne, najua na wewe unajua hutakiosha hata siku moja.

Makasha ya mtindo wa sandwichi, yale ambayo mazabodi na kadi ya grafiki vinapeana migongo, ni mazuri machoni. Ila yanategemea waya bapa wa kuunganisha kadi na mazabodi, na waya wa kizazi cha tatu cha PCIe (njia ya data ya kadi) ukichanganywa na kadi ya kizazi cha nne unaweza kukuletea skrini nyeusi mpaka uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mazabodi, upunguze kasi. Kwa kompyuta ya kwanza sikushauri.

Kuna upande wa pili ambao napingana kidogo na mimi mwenyewe. Kama huchezi magemu mazito, kazi yako ni maandishi, mahesabu na filamu, basi udogo wa kweli unakufaa, tena ule unaokula umeme wa chaja ya nje. ASRock DeskMini X300 ina lita 1.92 tu na inatumia chaja ya volti 19, wati 120. Chaja za volti 19 za laptop zimejaa kila kona; angalia tu wati zitoshe na ncha ilingane. Kasoro yake ni kwamba mazabodi ni ya umbo lake, huwezi kuokota nyingine yoyote ukaichomeka. Na hata kabla ya hapo, tazama kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Zina lita moja na ushei, nyingi zina prosesa za wati 35. Kwa mwanafunzi au duka la stesheneri, kuunda mpya badala ya kununua hizo ni starehe, si hitaji. Starehe nayo ruhusa, lakini tuite kwa jina lake.

Mwenye kadi ya grafiki achukue futi kamba kabla ya pochi: apime urefu wa kadi, kisha unene wake, maana kadi nyingi za sasa ni nene, zinakula mpaka nafasi ya tatu ya kadi, na makasha kadhaa madogo yanaishia mbili. Rangi chagua utakayo, ila nyeupe karibu na dirisha la barabara ya vumbi utaifuta kila Jumamosi.