Idadi ya wanufaika na pampu ya mwaka wa tatu

Fungua ripoti ya mwaka ya shirika lolote kubwa la misaada. Jalada lina mtoto anayecheka huku maji yakimtiririka viganjani. Ukurasa wa ndani una tarakimu moja kubwa, na chini yake maneno mawili: watu waliofikiwa. Mimi husimama hapo hapo. Kufikiwa ni nini? Kupewa dawa ni kufikiwa. Kusikia tangazo la redio nako ni kufikiwa.

Tarakimu hiyo huanzia kwenye karatasi ya mahudhurio: jina, jinsia, umri, namba ya simu, sahihi. Jumatatu mama anasaini mafunzo ya kunawa mikono. Alhamisi anasaini tena kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Mwezi unaofuata kisima kinazinduliwa, naye anahesabiwa pamoja na kijiji kizima. Mtu mmoja, wanufaika watatu. Kisha anakuja mtu wa takwimu, anazidisha kila jina kwa wastani wa watu wa kaya, na hao wanaitwa wanufaika wasio wa moja kwa moja. Hapo hakuna aliyedanganya. Mashirika makini yana utaratibu wa kuondoa majina yaliyojirudia, ila utaratibu huo unataka muda, na ripoti inasubiriwa makao makuu.

Lakini tusiwe wepesi wa kuicheka. Pesa hizi ni za watu, na nyingine hukatwa kidogo kidogo kila mwezi kwenye akaunti za wasio matajiri. Uingereza na Wales, msimamizi wa mashirika ya hisani hutaka taarifa ya mwaka inayoeleza jamii imenufaika vipi, si mapato na matumizi peke yake. Ni haki. Anayetaka ripoti hizi zifutwe kwa sababu zina chumvi hajajiuliza nani atafurahi zaidi zikifutwa. Hatakuwa yule mama wa kisimani.

Tena kuna mahali ambapo kuhesabu kumeokoa watu waziwazi. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama vyandarua vigawiwe bure au viuzwe kwa bei nafuu, hoja ikiwa kwamba cha bure hakithaminiwi. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima hoja hiyo kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Bei ilipotoka sifuri hadi senti 60 tu za dola, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Waliopewa bure hawakuonekana kuvitumia kidogo kuliko walionunua. Bila hesabu ile, huenda watu wenye nia njema wangali wanawauzia maskini vyandarua, wakiamini wanawafunza nidhamu.

Shida yangu iko kwenye neno “mwaka”. Fedha zinafungwa kwa mwaka, sawa. Maisha ya watu hayafungwi Desemba.

Chukua PlayPumps, ile bembea ya kuzunguka iliyobuniwa ili watoto wakicheza, maji yapande tangini. Mwaka 2006 ilitangaziwa Marekani ahadi ya dola milioni 16.4, na lengo likawa pampu 4,000 kufikia 2010. Kwa ripoti ya mwaka wa kwanza ilikuwa habari tamu: pampu kadhaa zimefungwa, watoto kadhaa wanacheza. Vijijini, watoto walichoka kama watoto wanavyochoka, na kina mama wazima wakabaki wakilisukuma gurudumu kwa mikono. Gazeti la The Guardian lilipiga hesabu mwaka 2009: ili pampu moja ihudumie watu waliotajwa kwenye lengo, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku.

Na hiyo ilikuwa na kasoro ya ubunifu. Pampu za kawaida za mkono, zisizo na mbwembwe, nazo huharibika: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yanasema katika Afrika kusini mwa Sahara karibu moja kati ya nne haifanyi kazi. Kila moja kati ya hizo iliwahi kuwa mafanikio kwenye ripoti ya mtu. Iliyokufa haina ukurasa wake, maana mradi ulishafungwa na fundi aliyefunzwa ameondoka na spana zake.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, nalo ni la jirani. Mradi wa Vijiji vya Milenia, wa kuviinua vijiji maskini vya Afrika, ulioongozwa na mchumi Jeffrey Sachs na kuanzia Sauri nchini Kenya, ulionyesha mabadiliko makubwa kati ya mwanzo wa mradi na miaka michache baadaye. Mwaka 2010 wachumi Michael Clemens na Gabriel Demombynes walifanya jambo rahisi: waliangalia vijiji vya nje ya mradi. Umiliki wa simu za mkononi, kwa mfano, ulikuwa umepanda huko pia, bila msaada wa mradi. Mwaka 2012 waandishi wa makala ya mradi huo kwenye jarida la kitabibu la Lancet walikiri kosa na kuondoa dai kwamba vifo vya watoto vilipungua mara tatu zaidi ya kwingine. Kulinganisha jana na leo bila kumwangalia jirani ni sawa na jogoo anayedai kwamba ndiye aliyeleta alfajiri.

Kumpima jirani kunawezekana. Shirika la GiveDirectly, linalowapa maskini pesa taslimu, lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya, zaidi ya kaya 10,000 za Siaya, huku watafiti wakifuatilia waliopewa na wasiopewa. Wakakuta kila dola ilizungusha kama dola 2.5 kwenye uchumi wa eneo lile, na bei hazikupanda ila kwa kiasi kidogo mno. Utafiti ulichapishwa 2022, miaka kadhaa baada ya pesa kutoka. Hakuna ripoti ya mwaka katika kipindi kile ambayo ingeweza kusema hivyo kwa haki. Shirika hilo hilo mwaka 2023 lilitangaza lenyewe kwamba liliibiwa karibu dola 900,000 kwenye mradi wake Kivu Kusini. Engineers Without Borders ya Kanada, shirika la wahandisi, nayo ilianza kuchapisha ripoti za kushindwa kwake tangu 2008.

Ningependa kila shirika lifanye vivyo hivyo, ila najua nadai kwa urahisi. Mwenye maelfu ya wachangiaji anaweza kuungama. Shirika dogo lenye mfadhili mmoja na mkataba wa miezi 12 likiandika “tumeshindwa” linaandika barua yake ya kufunga ofisi. Kwa hiyo lawama ya namba zilizotiwa chumvi siwezi kumtwisha mwandishi wa ripoti peke yake. Mfadhili ndiye anayelipia mwaka mmoja akitaka kuona kizazi kimebadilika.

Na hesabu ya jirani imezidi kuwa ngumu. Clemens na Demombynes walitumia takwimu za DHS, tafiti za afya na kaya zilizoanza 1984 kwa fedha za Marekani. Mapema 2025, misaada ya nchi hiyo ilipokatwa, programu hiyo nayo ilisimamishwa. Mashirika yaliyobaki yataendelea kuhesabu watu wao. Wa kijiji cha pili hawamo kwenye karatasi zao za mahudhurio.

Ripoti mpya ikinifikia, ninaiweka kando kwanza. Naichukua ya miaka mitatu nyuma, nachagua kisima kimoja kilichopigwa picha siku ya uzinduzi, utepe ungali unaning’inia, halafu ndipo naifungua hii mpya kutafuta kama kile kijiji kimetajwa tena.