Ulinzi Usiwe Malipo ya Ushahidi

Polisi wanapovamia nyumba na kukuta watu waliofungiwa humo wakifanyishwa kazi bila ujira, kuna swali linalotangulia mengine yote: hawa waliookolewa ni nani mbele ya sheria? Ni wahanga, ni mashahidi, au ni wahamiaji wasio na vibali? Jibu ndilo huamua kama usiku huo watalala kwenye nyumba salama au mahabusu. Katika nchi nyingi jibu hilo limefungwa kwenye sharti: toa ushahidi dhidi ya waliokuleta ulindwe, au kaa kimya urudishwe kwenu.

Sharti hilo lina watetezi, na hoja yao ina uzito. Biashara haramu ya binadamu haiachi nyaraka nyingi. Makubaliano hufanywa kwa mdomo, pesa hupita mkononi, pasipoti hufichwa na wakala. Asipopatikana mtu wa kusema mahakamani "huyu ndiye aliyenipokea, huyu ndiye aliyenipiga", kesi huanguka, na wakala aliyeachiwa leo kesho anasaka wengine. Wanahofia pia kwamba kibali cha ukaazi kisicho na sharti kitawavutia wadanganyifu. Ndiyo maana Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 2000, hutoa viza maalumu zisizozidi 5,000 kwa mwaka kwa wahanga, na kwa kawaida humtaka mwombaji ashirikiane na wapelelezi. Walio chini ya miaka 18, na walioathirika kiakili au kimwili kiasi cha kushindwa kushirikiana, husamehewa.

Hofu ya udanganyifu naielewa, lakini dawa yake ni uchunguzi makini wa yaliyompata mtu. Hilo linaweza kufanyika bila kumlazimisha asimame mahakamani. Isitoshe, ushahidi uliotolewa kwa kuogopa kufukuzwa nchini ni rahisi kuubomoa. Wakili wa utetezi atauliza tu, "Kibali chako ulikipata kwa kusema haya?" Tena mhanga ana mama na wadogo zake kwao, na wakala anaijua nyumba yao. Ana deni la safari lisilolipika. Kumbukumbu zake zimevurugwa na mateso, tarehe zinagongana, na mtu wa hivyo akihojiwa siku ya pili baada ya kuokolewa huonekana mwongo.

Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara haramu ya binadamu, ilitamka wazi kwamba ridhaa iliyopatikana kwa hila au vitisho si kitu. Kwenye msaada kwa wahanga, hata hivyo, iliziachia serikali kutoa kwa kadiri sheria zao zinavyoruhusu, na mwanya huo umetumiwa sana. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2005 ulijaribu kuuziba: muda usiopungua siku 30 wa kupata nafuu na kutafakari, na msaada usiotegemea utayari wa kuwa shahidi. Italia ilikuwa imetangulia. Tangu 1998 sheria yake inamruhusu mhanga kulindwa hata asipofungua mashtaka, kwa kupitia huduma za ustawi wa jamii.

Uchungu zaidi uko pale mhanga anapogeuzwa mshtakiwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Uingereza ilikiuka haki za vijana wawili kutoka Vietnam. Walikutwa wakiwa bado watoto wakitunza bangi kwenye nyumba za kuioteshea, wakatiwa hatiani, ilhali dalili za kusafirishwa kwao zilikuwepo.

Kisha kuna fidia, ambayo hata watetezi wa wahanga huisahau. Kule Manolada, Ugiriki, wachumaji wa matunda kutoka Bangladesh walipigwa risasi mwaka 2013 walipodai mishahara yao. Mahakama ya nchi iliwaona washtakiwa hawana hatia ya kosa la usafirishaji haramu wa binadamu. Ilibidi wafike kwenye mahakama hiyo hiyo ya Ulaya, mwaka 2017, ndipo Ugiriki ikaamriwa kuwalipa.

Walifika huko kwa sababu walikuwa na mawakili. Aliyerudishwa kwao wiki moja baada ya kuokolewa hana huyo wakili, na asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo ningependa sheria zianze na mambo mawili: wakili wa bure kabla ya mahojiano ya kwanza, na haki ya kudai mishahara na fidia hata kesi ya jinai ikishindwa, hata mdai akiwa ameshaondoka nchini. Na siku 30, kwa mtu aliyefungiwa miaka, ni chache mno.