Mita Haili Tisa

Jana usiku mita ya stima imelia kile kilio chake, na kabla sijatafuta simu tumezimikiwa, omena wakiwa wameiva upande mmoja. Sina haja ya kueleza. Hata wewe una mita.

Mimi ni mtu mzima hapa Manyatta, Kisumu, nina heshima zangu, wananiita Jaduong', yaani mzee. Nimepanda stuli mbele ya mita kama mgombea kiti, nikaomba mtu anisomee tokeni, ile namba ndefu ya stima ya kulipia kabla. Ploti nzima ina watu, lakini aliyetoka na tochi ni mwalimu wa hisabati.

"4718," akasoma. Nikabonyeza. "2936. 5504. 1827."

Kisha kimya.

"Mwalimu?"

"Jaduong', ngoja kidogo. Inaishia na 6678. Sasa zijumlishe tarakimu zote."

"Nisomee kwanza."

"Zinafika 99! Basi namba nzima inagawanyika kwa tisa. Na kwa vile mwisho ni nane, hata 18 inaingia. Kumi na moja ndiyo imekataa."

Mita nayo ilikuwa imechoka kusubiri, imefuta kila kitu.

Tukarudia. Mita imekataa. Mwalimu akasema nimepindua 27 nikabonyeza 72. Sikupindua!

"Lakini usijali, Jaduong'. Ukipindua tarakimu jirani, jumla haibadiliki. Bado inagawanyika kwa tisa."

"Mwalimu, mita haili tisa."

"Kweli, ina ukaguzi wake. Tokeni ni biti 66, yaani sifuri na moja 66 za kompyuta, na 16 kati ya hizo kazi yake ni kunasa makosa tu. Sasa, mbili kwa kipeo cha 66 ni..." Hapo akaandika ukutani kwa chaki. Huyu mtu hutembea na chaki usiku! 73,786,976,294,838,206,464. "Hesabu tarakimu. Ni 20. Kumi na tisa zisingetosha."

Ukuta wenyewe mwenye nyumba atanidai mimi.

"Baba Achieng'," sauti ikatoka jikoni, "hawa omena ni wa leo ama wa Krismasi?"

Nikamwambia mwalimu, kwa adabu zote zilizobaki, asome tu, asifikirie. Alisoma. Ikakubali. Taa zikawaka, watoto wakapiga kelele, naye akabaki amesimama pale, anataka nijue kwamba hiyo namba inazidi kwintilioni 47, yaani 47 yenye sifuri kumi na nane.

Kwintilioni 47, mwalimu, na nimepata yuniti tatu! Tatu! Kwintilioni nyingine zimeenda wapi? Hapo ndipo alipokosa hesabu, akasema usiku mwema.

Maji nayo, wacha tu.

Asubuhi naenda soko la Kibuye, matone mawili yameanguka, wa tuktuk ameshapandisha nauli. Tulipofika kwa raundabauti ya Kondele jua lilikuwa linachoma, nauli bado ya mvua. Halafu ameongeza mama mwenye kuku watatu, amewaweka miguuni pangu, na hao hawakulipishwa chochote.